Gunia kabla ya mashine: jinsi ya kununua kokoa kwa chokoleti yako bila kumkandamiza mkulima

Watu wanaotaka kuanza kutengeneza chokoleti huniuliza kwanza habari za mashine. Melanja, ile mashine ya mawe ya kusagia kokoa, ni ya kilo ngapi, inakula umeme kiasi gani, mawe yake yanadumu? Mimi nawarudisha kwenye gunia. Mashine unainunua mara moja. Kokoa unainunua kila msimu, na kila unaponunua unaamua jambo juu ya maisha ya mtu aliyeko Kyela au kijiji cha Mbingu, umjue usimjue.

Niko Morogoro mjini, nina chumba kimoja cha kazi, natengeneza chokoleti nyeusi kwa wingi na ya maziwa kidogo. Ninayoandika hapa ni ya mtu wa kiwango hicho, anayenunua kwa magunia. Wa makontena wana watu wao wa kuwafanyia hesabu.

Inakotoka

Kwa Tanzania kokoa nyingi hutoka Kyela, kwenye tambarare ya mvua nyingi inayoishia Ziwa Nyasa. Baada ya hapo kuna bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, na vijiji vingine vya Morogoro. Shamba la kawaida ni dogo. Mikokoa imechanganywa na migomba, michungwa na miti mikubwa ya kivuli, na mwenye shamba ana mpunga wake pembeni. Ukifika mara ya kwanza unaweza kupita katikati ya shamba ukidhani ni msitu tu.

Sifa mbaya ya chokoleti duniani imetoka zaidi Afrika Magharibi, kwa sababu Ivory Coast na Ghana peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kokoa yote ya dunia. Huko misitu mingi imeliwa na mashamba ya kokoa, mengine hata ndani ya hifadhi. Kampuni kubwa zilitia saini makubaliano ya kukomesha ajira mbaya ya watoto mwaka 2001. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 bado ulikadiria watoto milioni 1.56 wakifanya kazi kwenye kokoa katika nchi hizo mbili. Ndiyo maana mnunuzi wa Ulaya akisikia Tanzania anashusha pumzi. Asiharakishe. Kwetu tatizo halina sura ile ile, lakini lipo, na mara nyingi unaweza kuliona ndani ya punje yenyewe.

Kata punje kabla hujauliza bei

Beba bambo lako mwenyewe, lile la kuchomea magunia ya nafaka, na kisu kikali kidogo. Choma gunia juu, katikati na chini, maana punje nzuri zina tabia ya kukaa mdomoni. Changanya ulichotoa, hesabu punje 100 bila kuchagua, uzikate moja moja kwa urefu na uzipange kwenye ubao au karatasi nyeupe. Wakaguzi hasa hukata 300. Kwa gunia moja au mawili, 100 zinatosha kukupa picha.

Punje iliyovundikwa vizuri, yaani iliyoachwa ichachuke na ute wake kabla ya kuanikwa, ikikatwa ina rangi ya kahawia na mikunjo ndani, kama ubongo mdogo, na inajiachia kutoka kwenye ganda. Ya zambarau haikuiva sawasawa kwenye uvundikaji; chache zisikutishe. Ya kijivu, ngumu, iliyojaa bila mkunjo wowote, haikuvundikwa kabisa. Kwa viwango vya kimataifa, kokoa ya daraja la kwanza haitakiwi kuzidi punje 3 za kijivu katika kila 100, wala 3 zenye ukungu. Daraja la pili huvumilia 8 za kijivu na 4 za ukungu. Zilizotobolewa na wadudu, zilizochipua na zilizo bapa zisizo na kitu ndani huhesabiwa pamoja.

Ukikuta za kijivu 20, wengi watakwambia mkulima huyu mvivu, au hajui kazi. Mara nyingi anajua kuliko wewe. Kuvundika ni kazi ya siku tano mpaka saba: unapasua matunda, unatoa punje na ute wake mweupe, unazijaza kwenye boksi la mbao lenye matundu chini au kwenye tenga, unafunika kwa majani ya mgomba, unageuza kila baada ya siku mbili. Joto linapanda mpaka karibu nyuzi 50. Mwanzo inanuka pombe, baadaye siki kali inayokutoa machozi. Kisha unaanika wiki nzima au zaidi, na Kyela mvua haina ratiba. Jumlisha: tangu siku ya kuvuna hadi ya kupima ni karibu nusu mwezi, na wakati wote huo hujashika hata mia.

Mama mmoja kule Kyela aliniambia wakati tunakata punje zake barazani: "Mwanangu, mimi ya kuvundika naiweza tangu sijaolewa. Ila wa ada hasubiri boksi." Alikuwa amevundika siku mbili tu, akaanika, akauza. Mwenzake wa jirani alikuwa amekwenda mbali zaidi, ameuza matunda yakiwa bado mtini kwa mtu aliyemkopesha wakati wa kulima mpunga. Kwenye korosho mchezo wa namna hiyo unaitwa kangomba, kwenye kahawa ya Kagera butura. Mkopeshaji anakuja kuvuna chake kwa bei aliyoitaja yeye siku mwenye shamba alipokuwa hana pa kushika. Yeye naye hana sababu ya kusubiri siku saba, kwa hiyo punje inatoka kijivu.

Kwa hiyo ukiona kijivu kingi, uliza habari za fedha kwanza, za utaalamu baadaye. Nani analipa, lini, na mkulima anakula nini katikati? Semina ya uvundikaji haimlipii mtu ada.

Kuna mambo mengine ya kuangalia ukiwa bado na kisu mkononi. Kamata punje kiganjani uzibane: zilizokauka zinalia kachakacha na ganda linavunjika. Zikinyamaza, unanunua maji kwa bei ya kokoa, na ukungu utakufuata hadi stoo. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 7 hadi 8, usizidi hapo. Saga punje moja kwa vidole uinuse. Ikinuka moshi, ilikaushwa juu ya moto, na harufu hiyo haitoki hata ukaange vipi. Uliza ilianikwa wapi. Ya kuanikwa pembeni ya lami naikataa hata kama ni nzuri kwa macho, kwa sababu vumbi la barabarani lina mafuta ya magari na madini ya risasi, na kokoa inafyonza kila kitu. Ya kuanikwa kwenye chanja zilizoinuliwa juu, zenye wavu, ndiyo naitafuta.

Kununua mbichi, au kununua kutoka kwa anayenunua mbichi

Njia moja ya kukata mzizi wa haraka ile ni mkulima kuuza punje mbichi, zikiwa na ute wake, siku ile ile aliyopasua matunda, na mtu mwingine achukue mzigo wa kuvundika na kuanika. Kampuni ya Kokoa Kamili wanafanya hivyo Mbingu, Kilombero, tangu mwaka 2013: wananunua mbichi kwa wakulima wadogo, wanavundika na kukausha wenyewe kituoni, na kokoa yao imefika kwa watengenezaji wa Marekani na Ulaya wenye jina. Mkulima hana hofu ya mvua, na ladha inatoka ya aina moja, kwa sababu kinachovundikwa ni tani moja pamoja, badala ya nusu debe uani kwa kila mtu.

Ila usichanganye mambo. Kununua mbichi kunaweza pia kuwa njia ya kumpunja mtu. Kilo moja kavu inatoka kwenye kilo kama mbili na nusu hadi tatu za mbichi. Ukiambiwa bei ya mbichi, zidisha mara hiyo ndipo ulinganishe na bei ya kavu ya wiki hiyo. Ikiwa chini kwa kiasi kinachozidi gharama ya kuvundika, kuna mtu anapigwa.

Bei: uliza tarakimu tatu

Kokoa ya Kyela huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani na mnada. Mkulima anapeleka ghalani, anapewa stakabadhi, wanunuzi wanashindana. Kabla hujaahidiana na mtu yeyote kijijini, pita ofisi ya ushirika ya wilaya uulize utaratibu wa msimu huo kwa mnunuzi mdogo. Ukinunua uchochoroni unaweza kunyang'anywa mzigo, na mkulima akaingia matatani pamoja nawe.

Ukishakuwa ndani ya utaratibu, tarakimu unazotaka ni tatu: bei ya mnada, makato, na kilichofika mkononi mwa mkulima. Ya kwanza kila mtu anayo. Ya pili utatajiwa kwa mafungu: ushuru wa halmashauri, chama, ghala, usafirishaji, magunia. Ya tatu usimuulize kiongozi wa chama. Muulize mkulima, na umwombe kwa adabu akuonyeshe karatasi ya malipo au ujumbe wa simu. Muulize pia zilikaa siku ngapi kati ya mnada na fedha kuingia. Mfumo wa mnada umewapandishia wengi bei, nami nauunga mkono, lakini malipo yakichelewa yule mkopeshaji wa mpunga anarudi kwa mlango wa nyuma.

Soko la dunia nalo lina mambo yake. Mwaka 2024, baada ya mavuno mabaya Afrika Magharibi, tani ilipita dola 10,000, na Desemba ikavuka 12,000, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 2025 ikaporomoka. Aliyepanda miche kwa kufuata bei ile atavuna ikiwa bei nyingine kabisa, kwa sababu mkokoa unachukua miaka mitatu hadi mitano kuzaa. Ndiyo maana mimi napendelea kukubaliana na kikundi bei ya chini ambayo sitashuka hata soko likianguka, na nyongeza juu ya mnada soko likiwa zuri.

"Utaweza wapi?" Piga hesabu. Kilo moja ya punje, ukiikaanga na kuipepeta maganda, inakuachia kama gramu 750 za chenga. Chokoleti ya gramu 50 yenye kokoa asilimia 70 inahitaji gramu 35. Kilo moja basi inatoa vipande 21. Ukimwongezea mkulima shilingi 2,000 kwa kilo, kila kipande kimepanda shilingi 95 hivi. Karatasi ya kufungia na stika yake inakula zaidi ya hapo. Anayekwambia chokoleti yake itakuwa ghali mno akimlipa mkulima vizuri, mwombe akuonyeshe hesabu.

Msitu

Nenda shambani kwa miguu. Uliza mikokoa hii ilipandwa mwaka gani na kabla yake palikuwa na nini. Kisha muulize swali hilo hilo mzee wa jirani, peke yake. Shamba la zamani lililokuwa la migomba au kahawa ni jambo moja. Uwazi mpya wenye visiki vilivyoungua, unaopakana na hifadhi, ni jambo jingine. Kilombero hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa iko pale pale juu ya mashamba, na viumbe wengine wa milima ile, kama mbega mwekundu wa Udzungwa, hawapatikani kwingine duniani.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 ya kuzuia kokoa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na muuzaji anatakiwa aonyeshe shamba lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Tarehe ya kuanza kuitekeleza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini mnunuzi wa nje atakuuliza. Hata kama huuzi nje, simu yako inaweza kuchukua kipimo cha mahali ulipo. Simama katikati ya shamba, chukua, andika. Ni kazi ya dakika moja.

Angalia pia kama shamba linatunzwa. Mikokoa iliyozeeka, isiyopogolewa, yenye matunda meusi yaliyooza yakining'inia, itamlazimisha mwenyewe kwenda kufyeka pengine. Kikundi chenye kitalu cha miche na mtu anayejua kupogoa kinalinda msitu kuliko kikundi chenye bango la kulinda msitu.

Watoto

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kazi hatarishi kwa yeyote aliye chini ya 18. Shambani maana yake ni hii: mtoto anayekaa na bibi yake Jumamosi akitoa punje kwenye matunda yaliyokwisha kupasuliwa, hakuna wa kumlaumu, sote tumelelewa hivyo. Mtoto anayepasua kwa panga, anayebeba pampu ya dawa mgongoni, au anayekutwa shambani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hapo kuna neno. Kwa hiyo tembelea siku ya shule, saa za shule, na usipige simu siku mbili kabla. Ukimkuta, usianze kupiga picha. Uliza kwa nini hayuko darasani. Jibu mara nyingi linaishia kwenye bei tuliyokwisha kuizungumza.

Mihuri

Mihuri ya kuonyesha kokoa imekaguliwa ipo ya kutosha. Kilimohai ni alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, na ina njia ya wakulima kukaguana wenyewe kwa wenyewe ambayo kikundi kidogo kinaimudu. Fairtrade na Rainforest Alliance ni za nje na gharama yake ni ya nje. Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui: baadhi ya mihuri inaruhusu kiwanda kuchanganya kokoa iliyokaguliwa na isiyokaguliwa, ilimradi tani zinazouzwa kwa muhuri zisizidi tani zilizonunuliwa kwa muhuri. Mkulima aliyekaguliwa ananufaika, ni kweli. Lakini ndani ya kipande unachokula huenda hamna hata punje yake moja. Mimi muhuri nausoma kama mwanzo wa maswali.

Jina la nchi nalo halitoshi. Kokoa ya Beni, mashariki mwa Kongo, ambako makundi yenye silaha huwapora wakulima mavuno yao, imekuwa ikivushwa kwa magendo kuingia Uganda, na ikishavuka inapata uraia mpya. Ukiletewa gunia rahisi kupita kiasi na anayeleta hana jina la kijiji, liache.

Vingine vinavyoingia sufuriani

Sukari nachukua ya Kilombero, na nayo ina wakulima wake wadogo wa miwa, kwa hiyo maswali ni yale yale ya malipo na makato. Mafuta ya mawese siweki kabisa, maana ukiyatia badala ya siagi ya kokoa umeshaacha kutengeneza chokoleti. Iliki ndiyo inayonisumbua. Usambara Mashariki ililimwa miaka mingi chini ya miti ya msitu wa asili. Ukipita unaona miti mikubwa imesimama na unafurahi, kumbe chini kumefyekwa kote na hakuna mche wa mti unaoota. Tangu msitu wa Amani, ulio huko huko, ulipotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997 kilimo hicho ndani yake hakiruhusiwi. Nunua iliki ya shambani, kwa mtu anayeweza kukuonyesha shamba. Karafuu ya Zanzibar, mnunuzi halali kwa mkulima ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kwa hiyo ya bei chee kwenye mfuko wa rambo bandarini ni ya magendo, dai risiti.

Daftari na stika

Kila gunia lina ukurasa wake: kikundi, kijiji, tarehe ya kuvundika na ya kuanika, punje za kijivu na za ukungu katika 100, bei ya mnada, kilichomfikia mkulima, kipimo cha shamba, nani alinipa habari. Gunia napiga namba kwa kalamu ya wino mzito, na namba hiyo inalifuata mpaka kwenye kikaango, melanja na boksi la mwisho. TBS, shirika la viwango, wanataka ujue bidhaa yako ilitengenezwa lini na kwa vitu gani. Ukiwa na daftari hili umeshafika mbali kuliko wanavyodai.

Kwenye stika andika unachoweza kukionyesha tu. "Chokoleti endelevu" haina maana na mtu yeyote anaweza kuichapa. Mimi naandika kijiji, mwezi wa mavuno na bei ya kilo iliyomfikia mkulima, kwa shilingi. Wateja wachache wananipigia kuuliza bei hiyo imepatikanaje, na nawasomea ukurasa. Gunia likiisha na linalofuata limetoka kijiji kingine, stika inabadilika, hata kama za zamani zimebaki rundo zima na zimelipiwa.